Rejesho la Ziada na Adha Zake

Rejesho la ziada ni fedha ambayo mkopaji wa nyumba huipeleka benki bila kudaiwa, juu ya rejesho lake la mwezi, ili deni liishe kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Kihesabu, ni vigumu kuipatia noti ya elfu kumi kazi bora kuliko hiyo. Kiutendaji, ni vigumu kupata njia ya haraka zaidi ya kujulikana na foleni nzima. Mfano wa karibuni kabisa ni wa mwisho wa mwezi uliopita, katika tawi moja la benki jijini Dar es Salaam, siku ya mishahara, pale mkopaji mmoja wa makamo alipoulizwa na dada wa dirishani, kwa sauti iliyomfikia hata mlinzi wa mlangoni: “Baba, wenzako wanalikimbia deni, wewe unalikimbilia?” Foleni ikaangua kicheko. Mzee aliyesimama nyuma yake, kadi mkononi, alimwambia “pole mwanangu”, na alimaanisha.

Pole hiyo ilikuwa mahali pake. Muda mfupi kabla, dada huyo alikuwa amegeuza kioo cha kompyuta ili mkopaji ajionee mwenyewe. Kulikuwa na mistari miwili. Wa juu ulionyesha salio la mkopo, nalo lilikuwa lilelile ambalo lingekuwapo kama mkopaji asingeongeza hata senti tangu siku ya kwanza. Wa chini uliandikwa “marejesho ya mbele”, na humo ndimo zilimolala elfu hamsini zake zote, za mwezi mmoja baada ya mwingine, hazizai riba, hazipunguzi kitu, zinangoja mwezi ambao mkopaji atashindwa kulipa. “Lakini uko vizuri sana baba,” dada alimfariji. “Hata wakikufukuza kazi leo, hapa umeshajilipia.” Foleni hiyo ilikuwa na watu wa ofisini kwake. Jumatatu ilipofika, idara nzima ilikwishajua kwamba anafukuzwa.

Ili uzito wa mistari ile miwili ueleweke, lazima kwanza ieleweke namna deni la nyumba linavyolipwa, na hili ni jambo tamu kuliko linavyosikika. Kila mwezi benki huchukua salio la deni, hulizidisha kwa riba ya mwaka, kisha hugawa kwa 12. Jibu ndilo riba ya mwezi huo. Rejesho linapofika, riba hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachopunguza deni la msingi. Mwezi unaofuata hesabu huanza upya kwa salio jipya. Hakuna siri nyingine. Kanuni yote yaweza kuandikwa nyuma ya tiketi ya daladala, na bado watu wenye shahada huishi nayo miaka 20 bila kuitazama usoni.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 60, riba ya asilimia 15 kwa mwaka, muda wa miaka 20. Riba hiyo si ya kutunga. Mikopo ya nyumba Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ikizunguka humohumo na kupanda juu yake. Rejesho la kila mwezi ni shilingi 790,074. Mwezi wa kwanza, riba ni asilimia 15 ya milioni 60 kugawa kwa 12, yaani shilingi 750,000 kamili. Kinachobaki kupunguza deni ni shilingi 40,074. Mtu ametoa karibu laki nane, amekosa usingizi, amemwambia mtoto viatu ni mwezi ujao, na deni limepungua kwa bei ya hivyo viatu.

Miezi inayofuata hali hutengemaa, lakini kwa mwendo wa dharau. Miaka mitano ikitimia, mkopaji atakuwa ameshatoa zaidi ya shilingi milioni 47, na salio litasoma milioni 56 na laki nne na nusu. Deni litakuwa limepungua kwa milioni tatu na nusu tu. Miaka kumi ikitimia, nusu ya muda wote, bado atadaiwa karibu milioni 49. Nusu ya deni huja kuisha miaka 15 na miezi minane baada ya kusaini. Ni katika mwaka wa 16 ndipo, kwa mara ya kwanza, sehemu ya rejesho inayopunguza deni inaipita sehemu inayokwenda kwenye riba. Kabla ya siku hiyo, isiyoadhimishwa na mtu, mkopaji amekuwa akilipia zaidi muda kuliko nyumba. Jumla ya yote ni karibu shilingi milioni 190. Nyumba moja imelipiwa mara tatu na ushee, na mbili za hizo hazina mlango wala paa.

Sasa ongeza elfu 50. Akili ya kawaida husema elfu 50 juu ya 790,074 ni asilimia sita na kidogo, kwa hiyo itasaidia kwa asilimia sita na kidogo. Hapo ndipo akili ya kawaida hupotea njia. Riba ya mwezi imeshakatwa yote kwenye rejesho la kawaida, kwa hiyo elfu 50 haigawanywi na mtu. Inaangukia deni la msingi ikiwa nzima. Isilinganishwe na 790,074. Ilinganishwe na zile 40,074 ambazo ndizo pekee zilizokuwa zikifanya kazi. Mwezi wa kwanza, deni lililokuwa lipungue kwa 40,074 linapungua kwa 90,074, yaani zaidi ya mara mbili. Na kwa kuwa salio la mwezi wa pili ni dogo kuliko lilivyopangwa, riba ya mwezi wa pili nayo inakuwa ndogo, na tofauti hiyo inaongezeka kwenye sehemu inayopunguza deni, na mwezi wa tatu vivyo hivyo. Mkopaji akishikilia elfu 50 yake kila mwezi, miaka 20 hugeuka 15. Ziada yote aliyotoa haifiki milioni 9. Fedha iliyookoka ni milioni 38 na laki sita.

Hesabu hii ni kweli, nayo haihitaji imani. Hata elfu 20 kwa mwezi, ambayo ni hela ya vocha na soda, hupunguza miaka miwili na nusu. Laki moja ikilipwa mara moja tu, pamoja na rejesho la kwanza kabisa, hufuta marejesho mawili ya mwisho na karibu nusu ya la tatu, kwa sababu ile laki moja imezuia riba juu ya riba kwa karibu miaka 20. Vitabu vya Marekani hupenda kushauri mtu alipe nusu rejesho kila wiki mbili, ili mwisho wa mwaka ajikute amelipa marejesho 13 badala ya 12. Kwa mkopo wetu rejesho hilo la 13, likigawanywa katika miezi yote, lingemaliza deni kwa miaka 14. Tatizo ni kwamba ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya watu wanaolipwa kila wiki mbili. Mtumishi wa Tanzania hulipwa mara moja kwa mwezi, na wiki ya pili baada ya mshahara si wakati wa kumzungumzisha habari za nusu rejesho.

Yapo masharti mawili tu. La kwanza, mkopo uwe wa riba ya salio linalopungua. Ipo riba nyingine, inayopigwa mara moja kwa mkopo wote na muda wote, na hupendwa na wakopeshaji wadogo kwa sababu tarakimu yake huonekana nyembamba. Asilimia 10 ya namna hiyo kwa mkopo wa miaka mitano, ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, ni zaidi ya asilimia 17. Na kulipa mapema hakusaidii chochote, maana riba imeshahesabiwa na kuongezwa kwenye deni kabla kalamu haijakauka. Sharti la pili ni kwamba ile ziada ifike kwenye deni la msingi. Isifike kwenye mstari wa chini.

Maarifa haya hayakuenea mitaani kwa sababu ya kihistoria. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza mwaka 1973 na kufa mwaka 1995, na baada yake mwananchi wa kawaida alijenga kwa fedha taslimu: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, tofali zikiota ukungu hadi bosi akumbuke kupandisha mishahara. Sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayoyakopesha mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mkopo wa nyumba wa miaka 20 bado ni kitu kigeni, na anayetaka kuulipa kwa miaka 15 ni kigeni ndani ya kigeni. Hata benki haina fomu yake.

Hilo la fomu linahitaji nafasi ya kutosha.

Mkopaji akishajua kwamba ziada yake imelala kwenye marejesho ya mbele, dawa ni barua ya maelekezo. Barua itaje namba ya mkopo, itaje kiasi, kisha iseme mambo matatu bila kuremba: fedha hii ipunguze deni la msingi; rejesho la mwezi libaki lilelile; muda ndio upungue. Jambo la pili na la tatu si mapambo. Benki ikiachiwa hiari, hupenda kufanya kinyume, yaani kuacha muda ulivyo na kushusha rejesho, na kumwita mkopaji kumpongeza. Tofauti yake ni hii: mkopaji wa mfano wetu, baada ya miaka mitano, akipeleka milioni mbili kwa mkupuo na kuacha rejesho lilivyo, mkopo utaisha karibu miezi 21 kabla ya wakati na atakwepa marejesho ya milioni 16 na nusu. Akikubali rejesho lishushwe, atapata nafuu ya elfu 28 kwa mwezi, ambayo kwa miaka 15 iliyobaki ni milioni tano. Fedha ni ileile na siku ni ileile. Kinachotofautisha milioni 11 na nusu ni kisanduku kimoja kwenye fomu.

Na fomu yenyewe, katika tawi linalozungumziwa, ilikuwa ni fomu ya kumaliza mkopo kabla ya muda, kwa kuwa ya kupunguza haikuwapo. Afisa mikopo, kijana mpole mwenye tai iliyozidi urefu, aliitoa kwenye droo ya chini na kuipangusa vumbi. Sehemu ya nne ilidai sababu. Sababu zilizochapwa zilikuwa tatu: kuuza nyumba, kuhamishia mkopo benki nyingine, na kifo cha mkopaji. Mkopaji alieleza kwamba hauzi, hahami na hajafa. Anataka tu kupunguza deni. Afisa alimtazama kwa huruma. Akasema mfumo hauruhusu kuacha wazi. Akasema kifo kinadai cheti. Akasema benki nyingine inadai barua ya benki hiyo. Kisha, kwa moyo wa kusaidia, akachukua kalamu mwenyewe na kuweka alama kwenye “kuuza nyumba”, akamgongea muhuri na kumwambia, “Mzee wangu, hiyo ni ya mfumo tu. Isikusumbue.”

Haikumsumbua mpaka Jumamosi. Siku hiyo mkopaji alikuwa kazini akifanya saa za ziada, kwa ajili ya rejesho la ziada. Nyumbani geti liligongwa. Mkewe, kanga kifuani na mwiko mkononi, alifungua akakuta wanaume watatu, mmoja wao akiwa na daftari na kofia ya mpira. “Shikamoo mama. Tumekuja kuiona ile nyumba.” Habari zilitokaje kwenye droo ya benki zikafika kwa dalali, hakuna kitabu kinachoeleza. Ila madalali wa Dar es Salaam hujua nyumba inauzwa kabla ya mwenyewe hajajua, na safari hii walikuwa wamefanikiwa kujua inauzwa hata kabla haijauzwa.

Mama mwenye nyumba hakupiga kelele. Hilo ndilo lililokuja kumtisha mkopaji baadaye. Aliwakaribisha. Aliwatembeza sebuleni, jikoni, chumba cha watoto, hadi choo cha nje ambacho bomba lake linavuja. Wateja waligonga kuta kwa vidole, wakafungua na kufunga maji, mmoja akapiga picha za dari. Mama akauliza bei ni kiasi gani. Dalali akataja. Inasemekana mama alikaa kwenye kochi kwa muda bila kusema neno, kisha akawaletea juisi.

Mkopaji alirudi jioni akiwa amebeba mkate. “Kumbe tunahama,” aliambiwa mlangoni. “Na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.”

Hapa pana somo dogo la sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuuza, kuweka rehani au kuhamisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaibana rehani ya nyumba ya ndoa kwa ridhaa hiyohiyo. Ndiyo maana wakati wa kukopa mke huitwa benki, husomewa nyaraka na kusaini. Kwa hiyo haikuwezekana kisheria nyumba ile iuzwe kimyakimya. Mkopaji alikitafuta kifungu hicho kwenye simu na kukisoma kwa sauti, usiku ule, akiwa kitandani. Hakikusaidia. Mke alijibu kwamba hakuna kifungu kinachomlazimisha kutoa ridhaa ya kula dagaa mwaka mzima kwa ajili ya nyumba inayouzwa, na kwamba, kwa bei aliyoitaja yule kaka wa kofia, yeye binafsi hana kinyongo na kuhamia Bagamoyo. Bei hiyo imeingia rasmi katika mazungumzo ya familia. Hutajwa bomba likivuja.

Dalali amerudi mara kadhaa. Barua sahihi, iliyoandikwa upya bila fomu, ilikwenda kwa meneja wa tawi, kutoka kwa meneja ikaenda makao makuu, na makao makuu yakauliza kwa maandishi kwa nini mteja hataki rejesho lipunguzwe wakati ni haki yake.

Fedha ya rejesho la ziada hutokana na vyanzo viwili, kipato kipya na kubana matumizi, na kwa kuwa kipato kipya ni habari ya watu wengine, hapa hubaki kubana. Kubana kuna kanuni moja ya kihesabu isiyotajwa vya kutosha: thamani ya shilingi iliyobanwa hutegemea mwaka wa mkopo. Kadi ya harusi ya mtu mmoja ni elfu 50. Kadi hiyo ikilipwa katika mwaka wa kwanza wa mkopo wetu, badala ya deni, inarudi mwisho wa miaka 20 ikiwa na gharama inayokaribia shilingi milioni moja. Hakuna pilau ya thamani hiyo. Mkopaji aliyetoa maelezo haya kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu yake, akiambatanisha jedwali, aliondolewa kwenye kundi kabla hajamaliza kuandika.

Mengine yaliyojaribiwa yanatajwa kwa ufupi. Kunyoana nyumbani kulifanikiwa hadi mwalimu wa darasa alipopiga simu. Kuacha gari na kuvuka Kigamboni kwa pantoni, shilingi 200 badala ya ushuru wa daraja, kulimfikisha mkopaji kikaoni akiwa na maji ya samaki wa mtu kwenye begi la kompyuta. Mkaa uliorudishwa badala ya gesi uliokoa fedha nyingi na kula pazia. Friji iliyozimwa usiku ili kubana LUKU haizungumziwi.

Pana hoja ya kitaalamu kwamba badala ya kulipa deni mapema ni bora kuwekeza. Hoja hiyo ina mashiko. Hatifungani za Serikali za miaka 20 na 25 zimewahi kutoa riba ya zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka bila kodi, na aliyekopa kwa asilimia 13 na kununua hizo yuko mbele. Lakini dau la chini la mnunuzi wa hatifungani ni shilingi milioni moja, na mwenye elfu 50 hana budi kuidunduliza kwanza. Na elfu 50 inayodundulizwa ndani ya nyumba yenye watoto, wageni na ndugu wa kijijini haifikishi milioni. Wengine hushauri kuuachia mfumuko wa bei ule deni taratibu. Mfumuko wa bei nchini kwa miaka kadhaa umekuwa kati ya asilimia 3 na 5. Deni linakua kwa 15. Mlaji huyo hana meno ya kazi hiyo. Tahadhari ya kweli ni nyingine: fedha ikishaingia kwenye deni la msingi haitoki. Mtoto akiugua, benki haikurudishii elfu 50 zako kwa sababu ulikuwa mwema. Inafaa akiba ya miezi michache ikae pembeni kwanza, na isikae kwenye marejesho ya mbele.

Kinachofuata ni ada ya kumaliza mkopo mapema, na hapa ucheshi hupungua. Mikataba mingi ina kipengele kinachoidai, kwa kawaida kama asilimia fulani ya kiasi kinacholipwa kabla ya wakati, na kwa kawaida kimeandikwa mahali ambapo mkopaji, siku ya kusaini, alikuwa amechoka kusaini. Benki hueleza kwamba ilipanga mapato yake kwa miaka 20 na sasa mpango umevurugwa. Uingereza nako benki hutoza faini kwenye mikopo ya riba iliyofungwa, lakini nyingi huruhusu kulipa zaidi hadi asilimia 10 ya salio kila mwaka bila kugusa mfuko wa mtu, na hoja yao ya kutoza ina msingi: riba imefungwa, benki haiwezi kuipandisha. Mkopo ambao benki ina haki ya kubadilisha riba yake wakati wowote kwa barua ya ukurasa mmoja hauna msingi huo. Mkopaji amebeba hatari ya riba kupanda. Benki haijabeba kitu. Tena sababu nzima ya kuundwa TMRC ilikuwa kwamba mabenki hukusanya amana za muda mfupi na hivyo hushindwa kukopesha kwa muda mrefu. Benki inayolalamika mwaka mzima kwamba haina fedha za muda mrefu, kisha inamtoza faini mtu anayeirudishia fedha hizo mapema ili imkopeshe mwingine, haijachanganyikiwa. Inajua hasa jedwali linasema nini. Inajua kwamba miaka ya mwanzo ndiyo riba yenyewe, na kwamba mwalimu au nesi aliyejinyima elfu 50 anagusa sehemu nono kuliko zote. Mtu aliyechelewa kulipa hutozwa faini, na hilo linaeleweka. Aliyewahi naye hutozwa faini. Anayebaki salama ni yule anayelipa kiasi kilekile, tarehe ileile, kwa miaka 20, milioni 190 kwa nyumba ya milioni 60, na huyo ndiye anayepewa kalenda ya ukutani mwisho wa mwaka.

Ni busara, kwa hiyo, kipengele hicho kisomwe kabla ya kusaini na kijadiliwe wakati benki bado inamhitaji mteja. Iulizwe kama ada inagusa ziada ndogondogo au kumaliza mkopo wote tu. Iulizwe pia riba inahesabiwa kwa siku au kwa mwezi. Kama ni kwa siku, ziada inayoingia tarehe 3 ina nguvu kuliko inayoingia tarehe 28. Kila baada ya miezi mitatu iombwe taarifa ya mkopo kwa maandishi, na msomaji atazame mstari wa juu tu.

Salio likifika sifuri, kazi haijaisha. Rehani husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kuifuta nako husajiliwa huko. Bila hati ya kufuta rehani iliyosainiwa na benki na kuandikishwa, nyumba iliyolipwa bado inasomeka kuwa dhamana ya benki. Hati yenyewe hutunzwa makao makuu, na hurudi tawini kwa mwendo wake. Mkopaji huenda na kitambulisho, barua ya kumaliza mkopo na uvumilivu. Kodi ya pango la ardhi huendelea kila mwaka, na kodi ya jengo huendelea kukatwa kwenye LUKU, kwa kuwa hizo hazikuwa za benki tangu mwanzo.

Kwa anayekatwa kwenye mshahara, yapo makato ya kusimamisha. Mwajiri huacha kukata anapopokea barua ya benki, na benki huandika barua baada ya kuombwa. Kati ya siku deni lilipoisha na siku barua inapofika mezani kwa mhasibu, rejesho huendelea kukatwa kwa ajili ya mkopo usiokuwapo. Fedha hiyo huombwa kwa fomu na kurudishwa baada ya uhakiki, bila riba.